Ruhusa ya Mzee Liban

Siku yangu ya kwanza kazini, uhuru ukiwa bado mbichi, karani mkuu wa ofisi ya wilaya pale Nakuru aliniingiza masjala, chumba cha kutunzia mafaili. "Kijana, hapa hakuna kufikiri," akasema. "Faili hufunguliwa kwa jina la mwisho. Ukipoteza karatasi, umepoteza mtu." Nyinyi wa kompyuta mtacheka. Shauri yenu.

Mzee Liban alikuwa mwanasiasa Msomali. Kabla ya uhuru alihutubia mikutano kule kaskazini akitaka watu wake waungane na Somalia. Serikali mpya haikumfunga. Ilimleta Nakuru, ikampa chumba mtaa wa Bondeni na kumkataza kutoka mjini. Kila asubuhi alikuja kutia sahihi kwenye kitabu changu. Tuliambiwa ni adui. Adui gani, jamani, anayekuuliza kila siku kama mama yako kule Bahati amepona kifua?

Basi mkewe akaugua sana huko Wajir. Mzee akaandika kuomba ruhusa ya kwenda kumwona, Bwana DC, mkuu wetu wa wilaya, akaituma barua Nairobi. Tangu hapo, akishatia sahihi, aliuliza, "Karani, wamejibu?"

"Bado, mzee."

"Haya. Mungu yupo."

Asubuhi moja hakuuliza. "Amezikwa juzi," akasema.

Mchana ule, nikitafuta karatasi nyingine kwenye herufi H, nikakuta faili nyembamba niliyoifungua mwenyewe: Hirsi. Msomali hana jina la ukoo; ana jina lake, la baba, kisha la babu. Sisi tulikuwa tumemweka kwa babu, Roble. Nairobi waliandika Liban Hirsi, wakaishia kwa baba, nami bila kufikiri nikafungua faili mpya. Ndani mlikuwa na ruhusa yake. Ilikuwa imelala humo wiki mbili. Nilitaka ardhi inimeze.

Karani mkuu aliisoma, akafunga mlango. "Una kazi, una mama mgonjwa. Gonga muhuri wa kupokelewa leo. Watadhani Nairobi waliikalia. Na ufunge mdomo."

Nikagonga. Kesho yake nilimpa mzee barua; alitazama tarehe ya Nairobi na ya muhuri wetu, akatikisa kichwa. "Serikali hii haina utu. Lakini wewe karani ulinihangaikia." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mimi nilihamishiwa Molo, kisha Naivasha, nikapanda hadi karani mkuu. Yeye aliachiliwa, akaingia bungeni, na katika kila jukwaa alisimulia jinsi serikali ilivyokalia barua mpaka mkewe akafa. Nilisoma gazetini, nikalikunja gazeti.

Nilipostaafu, yeye akiwa ameshafariki, mwanawe alinitafuta hapa Bahati na kondoo wa shukrani. Alisema baba yake aliusia karani wa Nakuru asisahauliwe.

"Kuhusu mama yako..." nikaanza.

"Tunajua, mzee. Ni serikali."

Nikasema ndiyo, nikampokea kondoo.