Niliacha Jina Langu Chunguni

Bora niungame mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa sokoni. Mimi ni fundi simu hapa Musoma, mtu mzima na ndevu zangu, na Jumamosi hucheza mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa na wachezaji wenzangu, nikifuata ramani ya simu. Adabu yake ni hii: ukichukua kitu, unaacha kitu, na unaandika jina lako.

Juzi ramani ilinipeleka Butiama, kwenye mawe makubwa. Chini ya jiwe nikakuta chungu kidogo kimefunikwa, na ndani yake bangili ya shaba. Nikafurahi kama mjinga: wenzangu huficha vikopo vya plastiki, huyu ana ufundi! Nikaivaa. Nikaacha kalamu yangu nyekundu na kikaratasi chenye jina na namba ya simu.

Nyumbani bangili ikakataa kutoka, hata kwa sabuni.

Jana nilikuwa nanunua dagaa sokoni Mwigobero, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mama mzee, ya taratibu.

"Mwanangu, ni wewe uliyeacha jina kwenye chungu cha marehemu mama mkwe wangu?"

"Shikamoo mama. Hapana, si mimi," nikasema, nikificha mkono mfukoni.

"Marahaba. Yule hapendagi waongo. Ukimdanganya, bangili inabanaga."

Ikabana. Nikapiga yowe, soko zima likanitazama.

"Sasa geuka," sauti ikasema.

Nikageuka. Alikuwa hatua mbili nyuma yangu, simu sikioni, kalamu yangu nyekundu ameichomeka kwenye kilemba.