Picha Iliyonifuta Alama

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize. Wanaosimulia mambo kama haya huyaweka usiku wa manane, umeme umekatika na mbwa wanabweka. Mimi langu lilinitokea saa nne asubuhi, jua linawaka, kwenye korido ya hoteli iliyotoka kupigwa deki. Sikuwa usingizini wala sikuwa na njaa. Nimelisimulia kwa mchungaji, kwa mashangazi na kwa watu wa saluni, na kila mmoja ameniambia ninyamaze. Sinyamazi. Lilinitokea mimi, halikuwatokea wao.

Jina langu la nyumbani ni Doto. Kwetu sisi Wasukuma jina hilo hulichagui: mapacha wakizaliwa, anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, basi. Sisi tulifanana mpaka ikawa kero. Mama anasema alikuwa akimnyonyesha mmoja mara mbili huku mwingine analia njaa, akadhani anaumwa tumbo. Bibi alipogundua, alichukua wembe mpya akanichanja kidogo kwenye nyusi ya kushoto, akapaka dawa yake. Tangu siku hiyo mwenye alama ni Doto, asiye na alama ni Kulwa.

Kulwa alifariki tukiwa darasa la pili. Homa, siku chache tu, akaondoka. Lakini kwetu mapacha hupewa vitu viwili viwili, na mama hakuacha. Nikinunuliwa gauni, kitambaa cha pili kinakunjwa na kuwekwa sandukuni. Nikipakuliwa ugali, tonge moja linatengwa pembeni. Sasa mama amezeeka, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na hunitambua kwa kidole. Nikiingia nyumbani pale Mkolani nasema, "Shikamoo mama," naye haitikii mpaka apitishe kidole kwenye nyusi yangu. Akiigusa ile alama ndipo anasema, "Marahaba, Doto."

Hilo la kidole usilisahau, tutalirudia.

Basi, nilisomea mambo ya hoteli nikamaliza, nikakaa nyumbani muda mrefu kuliko niliosomea. Siku moja likatoka tangazo la mtu wa mapokezi kwenye hoteli pembezoni mwa ziwa. Sitaitaja. Walitaka maombi yatumwe kwa mtandao, pamoja na picha ya kitaalamu. Mimi picha zangu zote ni za harusi za watu, nimeshika sahani. Nikamwendea rafiki yangu Rehema, mwenye saluni jirani na kwetu.

"We Doto, nani siku hizi anaenda studio?" akasema. "Lete simu hapa. Akili mnemba itakupiga picha umekaa."

Alikuwa na programu ya namna hiyo kwenye simu yake. Unaipa picha zako za uso, za mbele na za pembeni, unachagua nguo, unachagua nyuma yako pawe wapi, kisha unasubiri. Rehema akanichagulia koti la bluu na ofisi yenye vioo. Hata hajamaliza msuko mmoja wa mteja aliyekuwa anamsuka, picha ikatoka.

Niliipenda. Nasema kweli, niliipenda sana. Ngozi laini, shingo imenyooka, macho ya mtu aliyelala vizuri maisha yake yote. Kasoro ilikuwa moja tu: hereni ya sikio moja ilikuwa duara na ya pili ilikuwa tone, tukaicheka. Na nyusi ya kushoto ilikuwa nzima.

"Imekusafisha," Rehema akasema.

Nikaituma hotelini. Nikaiweka WhatsApp, nikaiweka kila mahali ambapo mtu angeweza kunitafuta. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo pacha peke yake anaweza kulifanya. Wewe ukifutwa kovu, unabaki wewe usiye na kovu. Mimi nikifutwa kovu, anayebaki ni Kulwa. Lakini nani angeliwaza hilo akiwa anatafuta kazi?

Hotelini wakanipigia simu, wakataka niende kwenye usaili kesho yake. Nikakimbilia kwa mama nikiwa na furaha. "Shikamoo mama." Kidole kikapita kwenye nyusi, kikarudi, kikapita tena. Akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kupewa mimi.

"Kulwa," akasema. "Umekuja. Umekula?"

Nikacheka. Kisha nikachukua kioo. Niamini au usiniamini, nyusi yangu ilikuwa laini kabisa, haina hata mstari. Kovu nililokuwa nalo kabla sijaota meno lilikuwa limeondoka.

"Mama, ni Doto."

Akaushusha mkono wake taratibu, kama mtu asiyetaka kumuudhi mgeni. "Na Doto yuko wapi?" akaniuliza.

Je, wewe ungejibu nini? Niliogopa sana usiku ule, lakini kulipokucha hofu ilikuwa imegeuka hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye usaili. Nilivaa shati jeupe, kwa sababu koti la bluu sina na sijawahi kuwa nalo.

Mlinzi wa getini aliniangalia mara mbili. "Dada, si umeshaingia sasa hivi? Ulikuwa na koti la bluu."

"Hapana, ndiyo nafika."

"Basi atakuwa ndugu yako. Amekwenda kukaa ndani."

Nikapita. Korido ilikuwa na madirisha ya upande wa ziwa, vioo vimegandwa na wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi. Mwishoni palikuwa na mlango wa ofisi, na nje ya mlango viti viwili. Kimoja kilikuwa na mtu. Alikuwa mimi, ila mimi niliyekula na kulala. Koti la bluu. Hereni moja duara, nyingine tone. Vifungo vya koti havikuwa na matundu wala uzi, vimekaa tu juu ya kitambaa.

"Mdogo wangu," akasema, kwa sauti yangu. "Kaa."

Nikabaki nimesimama.

"Miaka yote mmenipa tonge na kitambaa," akasema. "Nilibaki mtoto. Wewe umenipa uso wa mtu mzima, umenikuza. Mama ameshanipokea jana. Na hawa wa humu ndani ni mimi waliyemwita. Niachie nikae."

"Na mimi nikae wapi?"

"Nilipokuwa nimekaa mimi."

Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alisema kama dada anayekwambia mhamie chumba cha pili. Ningeweza kukimbia, mlango wa nje ulikuwa wazi. Lakini nikamkumbuka mama akiuliza Doto yuko wapi, na nikaona nikikimbia sasa, nitakuwa nimemjibu.

"Dada," nikamwambia, "nakuheshimu, umenitangulia kuzaliwa. Tonge nitakutengea mpaka nife. Kitambaa nitakununulia, tena kizuri. Lakini uso huu nimeulilia peke yangu, nimepigwa nao jua peke yangu, nimefukuzwa nao kwenye milango ya watu peke yangu. Huu sigawani na mtu, hata wewe."

Nikatoa simu. Akaweka mkono juu ya kifundo cha mkono wangu, mkono mkavu usio na uzito wowote. Nikaunyanyua mkono wangu, wake ukiwa bado juu yake. Nikajipiga picha palepale, chini ya taa mbaya ya korido, jasho linanitoka, rangi ya mdomo imeliwa nusu, na nikaiweka mahali pa ile nyingine. Nilipobonyeza tu, nyusi ikaniwaka kama imepita wembe. Tone la damu likaanguka kwenye ukosi wa shati langu. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa bado umebonyea, na ukawa unainuka polepole.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja mwenye miwani, ndiye meneja, akaangalia maombi yangu kisha akaniangalia mimi.

"Mbona aliye kwenye picha siye wewe?"

"Siye. Yule ni pacha wangu, alishafariki. Aliye hai ni huyu hapa."

"Unatoka damu."

"Najua. Niulizeni maswali."

Wakaniuliza, nikajibu yote, sikubabaika hata neno. Kazi hawakunipa. Walisema wanataka mtu mwenye mwonekano. Wabaki na mwonekano wao. Leo nakaa mapokezi ya nyumba ya wageni Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi, na abiria wanaoshuka alfajiri wakinikodolea macho nyusi, nawakodolea pia.

Siku ile nilirudi kwa mama moja kwa moja. Kidole chake kilipogusa unyevu wa damu kilishtuka. "Marahaba, Doto," akasema. "Nani kakuumiza?" Nikalia kwa sauti, mwanamke mzima, kwa furaha ya kuitwa jina langu. Nikamweleza kila kitu. Hakuuliza habari za kazi. Aliuliza, "Alikuwa amekua?"

"Amekua, mama."

"Ni mzuri?"

"Mzuri sana."

Kwa hiyo ile picha sikuifuta, ingawa mchungaji aliniamuru na mashangazi walipiga kelele. Nilikwenda studio kuichapisha, nikaitia fremu, nikaitundika ukutani, sebuleni kwa mama. Mwenye picha ile ni Kulwa, na pale ni mahali pake. Rehema akija haketi akiupa mgongo ukuta ule. Shauri yake.

Kovu langu halijapona sawasawa mpaka leo. Kila mtu anaponiambia, "Ngoja nikutengeneze kidogo kwenye simu," linaanza kuwasha. Nakatalia mbali. Na wewe uliyeshika simu hapo, unataka upunguziwe pua, uongezewe weupe, ufutwe hiki na kile, sikukatazi. Uso ni wako. Ila kabla hujabonyeza, jiulize mama yako anakutambua kwa kitu gani, na hicho usikiguse.

Jambo la mwisho, kisha ukacheke. Mwaka huu nimeota mvi, upande wa kulia juu ya sikio. Kulwa naye ukutani ameota, upande uleule, chini ya kioo cha fremu ambacho hakuna aliyekifungua. Aote tu, ni pacha wangu. Kila asubuhi namwachia tonge lake mezani, namuaga, nagusa nyusi yangu. Kisha nafunga mlango wa sebule kwa nje, na ufunguo naondoka nao mimi.