Vigelegele vya Faustina

Faustina alikuwa mwepesi wa kuamini, na hilo ndilo lililomponza. Kalinga, aliyekuwa mumewe, alimpigia simu kutoka Iringa: "Mama Anjela, mwaka huu wazazi hawasindikizi watoto altareni. Wataonyesha mubashara, angalia huko huko Mbeya." Naye akajibu, "Haya, baba." Mwanamke mzima, anayegombana na madereva wa malori pale Uyole kwa ajili ya viazi vyake, akameza maneno ya mtu aliyemtelekeza! Eti mambo ya kanisa, abishe nani?

Kitenge cha kumsindikizia bintiye Anjela siku ya nadhiri za usista alikuwa ameshakishona. Akakivaa hivyo hivyo, akaenda kwa mdogo wake Ezron, mwenye kibanda cha fotokopi na kompyuta kuukuu. Majirani wakajazana na chupa za chai.

Kompyuta yenyewe sasa, jamani! Ilihema kama mgonjwa wa pumu. Misa ya Tosamaganga, huko Iringa, ikaja vipande vipande. Kwaya inaimba, midomo imefumbwa. Mara Ezron akainamia skrini, akashusha ubora wa picha hadi mwisho. Picha ikatembea, lakini watu wote wakawa ukungu mtupu.

"Afadhali hivi, haitakwama," akasema. "Yule mwenye nguo nyeupe ndiye Anjela."

"Na aliyemshika mkono?"

Ezron akakohoa. "Sista mlezi, nadhani."

Faustina akapiga vigelegele, majirani wakampokea. Mwanawe anakabidhiwa kwa Mungu! Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Alipoyafuta ndipo akajiuliza, sista gani huyu aliyejifunga kilemba cha njano?

"Ezron, pandisha picha."

"Itakwama, dada."

"Ikwame."

"Dada, nakuomba. Mashine imechoka."

Tangu lini Ezron akaomba? Mtu mwenye jeuri vile! Faustina akamnyang'anya kipanya, akabonyeza pale alipomwona yeye akibonyeza.

Skrini ikawa nyeusi, kisha picha ikaja safi, ikaganda hapo hapo. Marta, mke mpya wa Kalinga, amesimama altareni na kilemba chake cha njano, mkono wa Anjela kiganjani mwake. Kalinga yuko pembeni, amevaa suti.

Picha haikusogea tena, ila sauti iliendelea. Padre akauliza, "Wazazi, mnamtoa binti yenu kwa hiari?"

"Ndiyo, tunamtoa," sauti ya mwanamke ikajibu.

Ezron akanyoosha mkono kuchomoa waya.

"Acha," Faustina akasema. "Wewe ulijua?"

"Nilimwona mwanzoni, dada, kabla sijaishusha. Nilikuonea huruma."

Huruma! Uchungu wa kumzaa Anjela aliuona yeye, akamlea yeye, ada akailipa kwa viazi vya mgongoni. Leo katolewa na mwingine, na huyu naye anamwonea huruma kwa kumfumba macho.

Akaketi na kitenge chake kipya, akamtazama Marta.

"Kumbe vile vigelegele," akasema taratibu, "nilikuwa nampigia huyu."