Kibati Kilichorudi Peke Yake

Miaka ya korona, watu walipofungiwa ndani, mimi niliruhusiwa kutoka kwa kuwa nahudumia wazee majumbani. Kila asubuhi, huku ughaibuni, nilipanda treni kutoka Doonside hadi Fairfield, kwa bibi mmoja wa Kizungu anayekaribia miaka mia: mbishi, mcheshi, mchoyo wa biskuti. Nilimpenda tangu siku aliyoiita chai yangu ya maziwa supu.

Jikoni kwake, kando ya mlango, palikuwa na msumari, na kwenye msumari kibati cha shaba chenye namba. Kilikuwa cha baba yake, mchimba makaa ya mawe. Zamani hizo mchimbaji alishuka mgodini na kibati chake, akitoka anakirudisha. Kisiporudi, mtu yumo chini bado. Paa la mgodi lilimporomokea baba mtu kabla bibi hajazaliwa.

Korona ilipopamba moto, akanikabidhi kile kibati.

“Sasa mgodi ni huko nje,” alisema. “Ukitoka, nenda nacho. Ukirudi, kitundike.”

Nilimcheka, lakini nikakubali. Tangu hapo hakunywa chai mpaka asikie kibati kikigonga ukuta.

Kisha nikaugua. Bibi alipimwa akaonekana mzima, namshukuru Mungu, ila mimi nilitakiwa kujitenga wiki mbili. Kikohozi kilinikaba, na bado nilimwaza yeye, akiutazama msumari mtupu bila kula. Nikajiona mjanja. Nikakichemsha kibati, nikakifunga kwenye mfuko, nikakiacha nje ya mlango wangu ili Mkenya mwenzangu aliyeshika zamu yangu ampelekee.

Saa nne asubuhi akanipigia. “Dada, huyu shosho wako anadhani umekufa! Kuona tu hiyo kitu akaanza kulia. Amekataa chakula, amekataa dawa. Namwambia uko poa, haniamini. Anasema babake alipokufa, hata mamake aliletewa hii kibati hivi hivi na mchimbaji mwingine, na huyo pia alianza kwa kusema kila kitu kiko sawa.”

Hilo bibi hakuwahi kunisimulia. Nilijichukia. Kumbe kwa wema wangu nilikuwa nimempelekea msiba wa mama yake hadi jikoni.

“Mwekee simu sikioni,” nikasema. Nikakohoa, kisha nikafoka kama kawaida yangu: “Bibi, biskuti umezificha wapi tena? Kunywa uji!”

Halafu akasema, “Chai ya huyu mwenzako mbaya kuliko yako.” Akalia, nami nikalia.

Niliporudi nilimkuta mlangoni, ameshikilia fremu yake ya kutembelea, barakoa imemning'inia kidevuni. Msumari ulikuwa mtupu. Mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba bibi hakutaka kitundikwe. Alilala nacho, akaoga nacho. Akafumbua kiganja, namba ya kibati imejichora kwenye ngozi.

“Tundika mwenyewe,” akasema.

Nikakitundika. Kikagonga ukuta, ndipo akaomba chai.