Sema Mungu Akipenda Kabla ya Kung'oa Bati

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Januari ambayo naikumbuka kila nikiona mtu anang'oa mabati. Aliyekuwa juu ya paa siku hiyo ni mimi, na paa lilikuwa la mama yangu mzazi, huku kwetu upande wa Khwisero. Nyumba ya udongo, imeinama kidogo, lakini haikuwa inavuja.

Mimi shule niliiachia darasa la tano. Mikono ndiyo nilipewa. Leo ukifika sokoni Lubao uliza ni nani mwenye lori tatu za mchanga. Utaonyeshwa boma langu kabla hujamaliza swali. Basi hata wakati ule, kijana tu, nilikuwa nimefyatua matofali ya nyumba nzima peke yangu, nikayaanika uwanjani. Mpango ulikuwa umenyooka kichwani: Jumatatu nabomoa, Alhamisi nachoma matofali, Pasaka mama analala nyumba mpya, chini ya mabati yale yale.

Mama alisimama chini, mkono kiunoni.

"Papa," akaniita, vile mama zetu wanavyoitanga watoto wa kiume, "si ungechoma kwanza, ndio ubomoe?"

"Mama, nimeshapanga."

"Basi sema Mungu akipenda. Na matofali uyafunike kwa hayo mabati."

Nikacheka. "Januari hainyeshangi. Mvua ya hapa naijua kuliko redio."

Mama akahamisha kitanda chake kwenye kibanda cha jikoni, kwa kuku.

Jumanne mchana likaja wingu moja. Ikanyesha mpaka jioni. Matofali mabichi yakalainika, yakaegemeana kama walevi, yakarudi udongo. Mzee jirani akapita na mwavuli wake, akasimama makusudi.

"Fundi! Hili tope unalichoma lini?"

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbacha wangu nilikuwa nimeung'oa mpaka misumari.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa ameketi kitandani, sufuria mapajani, anakinga matone. Hakunigombeza.

"Papa, kupanga sikukukataza. Hata kuku hupanga mahali pa kutagia. Lakini wewe ulimpangia Nyasaye, Mungu wetu, kazi yake."

Nilianza upya, udongo mwingine, jasho lingine. Mvua za masika zikanikuta njiani, na mama akalala katika moshi na unyevu ule mpaka Agosti. Nyumba ilipokwisha, na sitakudanganya, kijiji kizima hakikuwa na mfano wake, mama aliingia akikohoa. Alikaa humo wiki sita. Tukamzika mbele ya mlango wake mpya.

Alikuwa mzee, wananiambianga hivyo. Labda siku zake zilikuwa zimefika. Lakini nimechoka kujiuliza, mwanangu.

Kwa hiyo panga, mtu asiyepanga ni mvivu tu. Ila kabla ya kung'oa bati, piga goti. Na ukisema Mungu akipenda, usiseme kama salamu ya barabarani; mwachie Mungu nafasi ya kukataa, na wewe uwe tayari kumsikia, hata akisema kwa mdomo wa mama yako. Mimi nimejenga nyumba nyingi tangu siku ile. Kesho, sijawahi kuijenga hata moja.

Mungu wa mama yangu akuezeke. Akulaze pakavu, na nyumba utakayowajengea wazazi wako, waiingie wakiwa bado na pumzi ya kuimba.