Shule Mbili na Mtaro Mmoja

"Leo umekuja na shule gani?"

Mwenyekiti wa kikundi cha mwethya alinipokea kwa swali hilo kila nilipofika kilimani kwao, upande wa juu wa Tala, na wanawake wenzake walicheka wakiwa wameegemea majembe. Nilicheka nao. Nilikuwa nasoma shahada mbili za uzamili kwa pamoja, usimamizi wa biashara na ustawi wa jamii, katika chuo kimoja cha Machakos mjini kilichokuwa kimeziunganisha kuwa kozi moja ndefu. Karatasi ya matangazo ilisema kwamba atakayehitimu atakuwa na akili ya meneja na moyo wa mhudumu. Niliisoma nikajiuliza ni nani aliyewaambia kwamba meneja hana moyo, au kwamba mhudumu hana akili. Nikajiunga hata hivyo.

Jumamosi, katika darasa la biashara, tulifundishwa kutafuta mahali ambapo nguvu za watu zinapotea bure. Katikati ya wiki, katika darasa la ustawi wa jamii, tulifundishwa kunyamaza mpaka mtu aseme jambo lake mwenyewe. Somo la kwanza lilinifanya niwashuku watu. La pili lilinifanya nimshuku yeyote anayewashuku watu. Nilikuwa nikirudi kwenye chumba changu cha kupanga Mlolongo nikiwa nimejishuku hata mimi.

Kazi yangu ya nyanjani ilikuwa moja kwa shahada zote mbili. Shirika fulani lilitaka kuvigawia vikundi vya akina mama matangi ya maji ya mvua, kwa sharti kwamba kikundi kionyeshe kuwa kinagawana kazi kwa usawa. Mimi ndiye niliyetumwa kuangalia kikundi hiki. Ripoti yangu ingesomwa na walimu wa pande zote mbili, na nakala ingepelekwa kwa shirika. Wanawake wale walikuwa wakichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu, mbali bondeni, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya tangi.

Mwethya, kwa wasioujua, ni kazi ya pamoja ya Wakamba: leo tuko kwako, siku nyingine tuko kwangu. Hawa walikuwa wakichimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko ili mvua isiondoke na shamba. Wakifika kwa mtu wanafika wakiimba, na mwenye boma hutoka kuwapokea, halafu huwapikia isyo ya mahindi na maharagwe. Hakuna anayeufungia mwethya lango. Niliambiwa kwamba mtu akithubutu kufanya hivyo, siku ya msiba wake atachimba kaburi peke yake.

Nilianza kushuku mapema. Kulikuwa na boma moja chini ya barabara, lenye ua wa mikonge na miiba na lango la mabati la kijani, ambalo kikundi kilikuwa kikilirudia mara kwa mara. Wajane waliokaa juu zaidi, ambao mashamba yao yalikuwa yakiliwa na mmomonyoko, walingoja zamu yao, nao wenyewe walikuwa wakishuka na majembe kwenda kuchimba kwenye lango la kijani. Mtaro wa mwisho, ule wa chini kabisa karibu na mikonge, ulinisumbua zaidi. Walikuwa wakiuacha ukinifika magotini, na tukirudi naukuta kina chake kimepungua, ilhali mvua haikuwa imenyesha hata tone. Niliandika kwamba kazi inafanywa vibaya ili irudiwe. Tena niliona kwamba mwenyekiti huingia mle na kyondo, kikapu chake cha kusukwa, kikiwa kitupu na kutoka na kyondo kilichojaa, amekifunika leso. Nikajiambia: hapa kuna mtu anakula.

Nilipomuuliza kuhusu zamu, alinitazama mkono.

"Hiyo kalamu ndiyo moja tu uko nayo?"

"Ndiyo, mwaitu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima.

"Na unaandika nayo mambo ya shule zote mbili?"

"Ndiyo."

"Basi sina la kukuambia. Siku utakuja na shule moja, tutaongea."

Wengine walicheka tena. Mmoja akasema kwa Kikamba, akidhani Kikamba changu cha mjini hakitafika, kwamba huyu msichana ni kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili, hajui amfuate nani. Kilifika.

Mtu pekee niliyemwamini alikuwa mume wa boma lile. Siku zote za mwethya nilimkuta nyumbani. Alikuwa akiniletea kiti, anaita mke wake alete chai, ananiita mwalimu. Ndiye aliyeniambia waziwazi lile ambalo hakuna mwanamke aliyetaka kuligusa.

"Mwalimu, mimi hata naona aibu," alisema. "Hii shamba yangu imetosha. Waambie waende kwa wengine, kuna wajane huko juu wanaumia."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na birika, mtoto mgongoni. Nilimtazama, akatabasamu, akanikaribisha isyo. Niliandika maneno ya mume neno kwa neno. Katika ripoti yote ile hakuna mtu aliyeonekana mwaminifu kumzidi.

Nikatengeneza mpango wa zamu. Ulikuwa mpango mzuri, na mwalimu wa biashara aliusifu mbele ya darasa: kila boma lichimbiwe kwanza, ndipo lolote lirudiwe. Lango la kijani lingengoja mpaka wote wamalize. Mwalimu wa ustawi wa jamii, mama mtulivu aliyekuwa akisoma kila ukurasa, aliniuliza jambo moja tu: na huyo mwanamke wa boma hilo, yeye alisema nini? Nilipekua nilichoandika. Alikuwa amesema karibu, na kula, na asante. Nilimjibu kwamba ni mtu wa haya. Alinirudishia karatasi zangu, nami nikamshuku kwamba hakupenda tu mwenzake alivyonisifu.

Mpango niliusoma kwa wanawake wakiwa kwenye mabenchi ya kanisa lao, baada ya ibada. Waliusikiliza vizuri. Mwenyekiti akauliza itakuwaje wasipoukubali. Nikasema ukweli: matangi yatapelekwa kwa kikundi kingine, pengine upande wa Yatta.

"Kwa hivyo ni matangi ama ni lile boma," alisema.

Nilimweleza kwamba hapana, ni matangi ama ni kukosa usawa. Akaniambia nimesema kitu kile kile kwa Kiswahili cha chuo. Kisha akawageukia wenzake, akawauliza wanaotaka zamu ibaki ilivyo wainue mikono. Waliinua wote. Nilitazama hasa wajane wa juu, wale ambao mume wa lango la kijani aliniambia wanaumia. Mmoja wao, aliyekuwa na mgongo uliopinda kwa kubeba mitungi, aliinua mikono yote miwili, watu wakacheka, mwenyekiti akamwambia ashushe mmoja, hii si sala.

Nilitoka pale nimejaa hasira. Nilijiuliza mwenyekiti amewashika kwa kitu gani. Deni? Kiapo? Undugu? Wiki iliyofuata waliteremka na majembe yao wakiimba, wakaingia lango la kijani. Matangi yalikwenda kwingine. Mimi nilipita mitihani ya pande zote mbili, na jambo lile nikalifungia kichwani kama mfano wa jinsi kiongozi mmoja anavyoweza kukila kikundi chenye watu wazuri.

Miaka imepita. Siku hizi nafanya kazi katika ofisi moja Mlolongo ambako vyeti vyangu viwili vimetundikwa ukutani, kila kimoja kwenye fremu yake, na sijawahi kuombwa kuvitumia siku moja. Mwaka huu, siku ya soko, nilikuwa Tala natafuta sweta. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mitumba ya watoto juu ya turubai alinitazama, akasema, "Wewe si ndiye ule mwalimu wa shule mbili?"

Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Ndilo tabasamu la mlangoni, isipokuwa sasa lilikuwa na sauti. Alinipa kigoda. Alinisimulia huku akiendelea kuuza, akikata maneno kila mteja anapouliza bei.

Mume wake alikuwa akifanya kazi ya kuvunja mawe machimboni. Kila asubuhi alipotoka alilifunga lango la kijani kwa kufuli, akaondoka na ufunguo na simu ya mke. Akisikia kwamba mke amezungumza na mtu kupitia mikonge, jioni anapigwa. Siku moja tu lango lilikuwa wazi, siku ya mwethya, kwa sababu hata yeye aliogopa kuchimbiwa kaburi na watoto wake peke yao. Siku hiyo alishinda nyumbani, akawa mtu mwema. Mimi sikuwahi kufika siku nyingine, kwa hiyo sikuwahi kuliona lango lile limefungwa.

Wanawake walimtolea vitu vyake kidogo kidogo kwenye kyondo cha mwenyekiti: nguo za mtoto, kitambulisho, sufuria. Dada yake alipopata chumba hapa Tala, yeye alimfunga mtoto mgongoni, akatwaa jembe kama anayekwenda zamu kwa jirani, akatoka katikati yao wakiimba. Mume alisimama langoni akiwatakia safari njema.

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Ungeandika," alisema.

Nilichagua sweta moja. Kisha nikamuuliza kuhusu ule mtaro wa chini, kwa sababu ulikuwa bado haujaniondoka: walichimba vibaya kwa makusudi?

Alicheka mpaka akaweka chini nguo aliyokuwa akiikunja.

"Wale mama? Wale walikuwa wanachimba vizuri kabisa. Ni mimi nilikuwa narudisha udongo. Akishaenda kwa mawe, nashuka na karai, najaza. Yeye hakuwa mtu wa kufika huko chini." Alimpokea mteja, akamwambia bei, akanirudia. "Sasa huo mtaro ungeisha, wangekuja tena kufanya nini?"