Siku Nilikimbia Mulima

Kukimbia haikuwa haya. Ile miaka ya vita, Butembo mpaka Beni, hata pasteri wetu alikimbiaka na kiatu moja, na kesho yake tulimusalimia vizuri, hakuna mwenye aliangalia muguu yake. Mais mi nilikimbia kitu chenye hakuna mutu alikimbiaka tangu Mungu aumbe dunia, tena nikaacha bibi yangu ku barabara. Nakubali. Mucheke kwanza, kiisha nitaelezea.

Nilikuwa mwalimu wa primaire pale Butembo, mutu wa saa, na bibi yangu, Mama Kavira, alikuwa na lawama moja yenye haikuisha. “Baba Kavira,” alisema, “weye unasafiri kama barua. Unatoka huku, unafika kule, katikati hauone kitu.” Nikamujibu kama barabara iko na barrière, kizuizi ya basoda benye bunduki, mutu mwenye akili anapita tu. Akasema polepole: “Vita ilishatunyang'anya bitu mingi. Macho, ni weye unaipa bure.” Nikaangalia saa yangu.

Bon. Ile asubui tulikuwa tunaenda Beni kuona mutoto mwenye dada mudogo ya Mama Kavira alizaa, mi nakanyaga velo, ye nyuma ku porte-bagage na kuku ya zawadi ku magoti, na mi nimevaa jaketi ya manjano yenye inaonekana toka mbali kama moto. Kiisha kupita kijiji ya Maboya kuko mupando murefu. Tukashuka, kamba ya kuku ikafunguka, Mama Kavira akabaki chini na velo kuifunga tena, mi nikatangulia juu kupumua. Katikati yetu batu ba soko balikuwa banapanda na mizigo yabo, mustari murefu.

Nikafika juu, na pale mawingu ikafunguka, nikaona mulima ya Ruwenzori yote na barafu yake nyeupe, kitu chenye nilichoraka kila mwaka ku ubao bila kuiangalia hata siku moja. Nikasema mu roho: leo hata mi nasimama. Ingekuwa nilisimama tu, hakuna mutu angejua jina yangu mu ile kijiji. Mais furaha ikanikamata, nikarudia mbio mu mutelemuko, mikono mbili juu, jaketi inapepea, napiga kelele: “Mama Kavira, kuya mbio, inatokea, yote iko pale juu.”

Sasa fikirini. Wakati ya vita, mwanaume anatelemuka mulima mbio, mikono juu, anaita bibi yake, anasema inatokea. Bamama ba mbele habakungoja nimalize. Bidon ya mafuta ikaanguka, kitunga ya maharagi ikamwangika, mutu moja akasema “banakuya,” na kufumba na kufumbua barabara ilibaki tupu. Na mi (haya yangu iko hapa) nikaona batu bote banakimbia, nikajiambia: batu bengi vile habawezi kukosea, banajua kitu. Nikaruka mufereji, nikakimbia nabo.

Tukalala mu shamba ya migomba, batu kama makumi tatu, matumbo chini. Nikageuka nimuulize Mama Kavira kama kuku iko, ndiyo nikajua siko naye. Pale hakuna kicheko. Nikaanza kusimama nimurudilie, muzee mama moja wa mafuta ya mawese akanivuta mukono: “Lala, mwana yangu, utatuuwisha.” Pembeni katekista moja alikuwa anaomba kwa sauti ya chini, anashukuru Mungu juu ya ule ndugu wa jaketi ya manjano mwenye alirudi kuokoa bengine mbele ya kujiokoa. Ndipo nikaelewa vita ilitoka wapi. Polepole nikavua jaketi, nikaikalia.

Kiisha tukasikia velo yetu, mulio ya munyororo yenye inakosa mafuta. Mama Kavira alikuwa anatelemuka toka juu katikati ya barabara, kuku mu kwapa, anashangaa mizigo ya batu. Akaniona. Akasimama ku mufereji.

“Baba Kavira, uliniita nione barafu ya mulima. Nimepanda, nimeiona, iko muzuri sana. Sasa umelala mu migomba ya batu juu ya nini?”

Katekista akafungua jicho moja. “Barafu?” akauliza.

Basoda ba barrière nabo balisikia fujo, bakafika batatu, na mukubwa wabo akauliza nani aliona adui. Mikono yote ikanionyesha. Akanipandisha juu nimuonyeshe, na mawingu ilikuwa imeshafunga kila kitu.

“Adui iko wapi, mwalimu?”

“Ni mulima, chef. Iko nyuma ya mawingu.”

Akaniangalia murefu (batu balipigwaka juu ya kitu kidogo kuliko ile). Mama Kavira, mwenye alitufuata bila kuitwa, akasema: “Chef, ni kweli, na mi niliiona. Bwana yangu hakuzoea kusimama, ndiyo maana hakujua namna.” Moja wa basoda akacheka, kiisha chef naye.

Malipizi yenye chef alinipa: kuvaa jaketi tena na kurudi mpaka Maboya kwa miguu, naita batu batoke mu pori. “Ndugu zangu, mutoke, hakuna vita, ni mwalimu alikuwa anaangalia mulima.” Ku kila shamba kichwa ilitokea, ikauliza: “Mwalimu gani?” na ilibidi niseme jina. Ku bega nilibeba bidon ya ule muzee mama, yenye ilibakia nusu, na njia yote aliniambia kama anapitaka pale kila juma na tangu vita ianze hajainua kichwa, donc siku ingine nikiona ile barafu, nimwambie, lakini nikiwa nimeketi.

Kesho yake tulipofika Beni, habari ilitutangulia. Shemeji yangu, mutoto mu mikono, hakunisalimia, aliniuliza tu barafu ilinifanya nini. Mama Kavira akaelezea yote mbele ya majirani, hakupunguza kitu, na mwisho akasema: “Furaha, aliniita. Woga, akaenda nayo peke yake.” Bote bakacheka, na mi nikacheka, mais ile maneno iliingia.

Kusimama sikuacha. Leo nasimama ku mutoni, nasimama ku mama mwenye anachoma muhindi, kazi inangoja. Lakini niliapa: ku barabara sitakimbia tena na furaha. Nangoja bibi yangu afike pembeni, namukamata mukono (kama ni kukimbia, tukimbie bawili), ndiyo nasema kwa sauti ya chini: “Angalia kule.”